Barua kwa Mwanangu: Metformini, Mululuza na Sukari Iliyoanza Kupanda

Mwanangu Zaina,

Salaam nyingi kutoka hapa Walukuba. Barua yako niliisoma mara mbili. Unasema sukari yako ya asubuhi, kabla hujatia kitu mdomoni, ilikuwa milimoli 6.3 kwa lita, daktari wa huko Kampala amekutajia metformini, shangazi yako naye amekutumia chupa ya mululuza, ule mti wa majani machungu, na unga wa mlonge, na sasa unaniuliza mimi, niliyeishi na kisukari miaka tisa, ushike kipi kati ya hivyo viwili.

Kwanza ujue umesimama wapi. Shirika la Afya Duniani huhesabu sukari ya asubuhi iliyo kati ya 6.1 na 6.9 kuwa hali inayotangulia kisukari, na kisukari chenyewe huanzia 7.0. Kipimo kimoja hakitoshi. Omba kirudiwe siku nyingine. Wakitaka kukupima HbA1c, ile inayoonyesha wastani wa sukari kwa muda wa miezi mitatu hivi, waambie kwamba katika ukoo wa baba yako kuna selimundu, kwa sababu hali hiyo, ambayo si ngeni kwetu Busoga, pamoja na upungufu wa damu, huweza kukifanya kipimo hicho kitoe jibu la uongo.

Kuhusu vidonge, usivione kama kitu kigeni kilichokuja kupigana na miti yetu. Chanzo cha metformini ni utafiti wa mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, na mwaka 1957 daktari Mfaransa, Jean Sterne, alitangaza matokeo ya kuwatibu wagonjwa wa kisukari kwa dawa hiyo. Inalizuia ini lisimwage sukari nyingi kwenye damu, na inausaidia mwili kuitumia vizuri insulini yake wenyewe. Maudhi yake ninayajua kwa tumbo langu: wiki za mwanzo nilihara na kusikia kichefuchefu, mpaka daktari aliponianzisha upya kwa kiasi kidogo, ninywe pamoja na chakula. Figo hupimwa kabla ya kuianza, na anayeitumia kwa miaka mingi huweza kupungukiwa vitamini B12.

Mululuza siudharau, maana bibi yako alitunywesha kila homa ilipobisha hodi. Majani yake yamechunguzwa, ila sehemu kubwa ya uchunguzi huo ilifanywa kwa panya. Mlonge, karela (lile tunda chungu lenye umbo la tango) na mdalasini vimejaribiwa kwa watu pia, lakini mara nyingi kwa vikundi vidogo, na majibu hayakulingana. Isitoshe, kidonge kimeandikwa miligramu zake, ilhali kikombe cha mululuza cha leo si sawa na cha kesho: majani yamekomaa tofauti, na aliyeyachemsha amekadiria kwa jicho. Mdalasini wa kawaida wa sokoni, ukitumiwa kwa wingi kila siku, una kumarini inayoweza kudhuru ini.

Sasa nikuambie nililolificha. Kabla sijaanza matibabu, niliwahi kupewa jibu kama lako. Nikanunua kwa mwuza dawa mmoja chupa isiyo na maandishi yoyote, nikainywa karibu miaka miwili, na kwa kuwa nilijisikia vizuri sikurudi kupima hata mara moja. Nilipopelekwa hospitali kwa ajili ya kidonda cha mguu, sukari ilikuwa 14. Sijui chupa ile ilikuwa na nini. Kosa langu kubwa lilikuwa kuuamini mwili wangu wakati sukari ya kiasi hicho haiumi popote.

Lakini swali lako limeacha nje kitu kilichoonyesha nguvu kuliko vyote viwili. Marekani walifanya utafiti kwa watu 3,234 waliokuwa katika hali kama yako, wakachapisha matokeo mwaka 2002. Waliopunguza uzito kwa asilimia 7 na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliomeza metformini, kwa asilimia 31. Kwako wewe mwenye kilo 82, hiyo ni kilo sita hivi, na kutembea nusu saa kwa siku tano. Milima ya Kampala unayo bure. Shuka boda boda kabla ya kufika.

Hata hivyo usimkatalie daktari wako. Ulipombeba Swaleh, sukari yako ilipanda kisha ikashuka ulipojifungua, na katika utafiti huohuo wanawake waliopitia hilo walifaidika na metformini zaidi ya wenzao, hatari yao ikipungua kwa takriban nusu. Mkumbushe mimba ile, huenda hajui. Nadhani kwako jambo la busara ni kuanza na mwendo na sahani, mkubaliane tarehe ya kupima tena baada ya miezi mitatu, na namba isiposhuka umeze vidonge bila kuona haya.

Kwa chakula sitakuchosha. Matoke na posho, yaani ugali, si haramu, ila ujazo ule tunaopakuliana sisi ni wa mtu aliyelima tangu alfajiri, nawe unakaa ofisini. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, dodo (mchicha), nakati au sukuma, maharage yasikose, kisha ndiyo matoke. Soda acha kabisa. Chai ya maziwa ya vijiko vinne vya sukari nilikufundisha mimi mwenyewe, na hilo naliomba radhi.

Ile chupa ya shangazi usiitupe mbele yake. Akiuliza, mwambie daktari ameomba aione kwanza, na kweli umpelekee. Mlonge kama mboga kula upendavyo. Ule wa nyuma ya jiko umechipua tena, nitakuchumia ukija Idi. Uje na karatasi za vipimo vyote viwili, nami nitakuonyesha daftari langu.

Mama yako