Uliza Anko: Bosi wa majiko anatafuta nini kwenye komedi?

Mwakeye wasomaji wangu. Toka kijana mmoja pale Mwanga aanze kuwawekea watu 30 Rock kwenye fleshi, sizoni zote kwa mkupuo, meseji zenu hazina habari nyingine, hata wale ndugu zangu wa tamthilia za Kituruki wamehamia huku. Sa leo nimezikusanya tuzimalize. Kwa ambao bado: ni komedi ya Marekani kuhusu watu wanaotengeneza kipindi cha vichekesho cha TV, kipindi chenyewe tunakionja kidogo tu, kinachotuweka ni ugomvi wa nyuma ya pazia.

*Shikamoo Anko. Hivi yule Jack ni bosi wa TV au muuza majiko? Kila kikitajwa cheo chake wanangu wanacheka, mi nabaki nawaangalia. (Mama Mawese, Ujiji)*

Marahaba mama. Ni vyote viwili, na utani wenyewe ndo huo. Jack Donaghy, anayechezwa na Alec Baldwin, ni makamu wa rais wa televisheni ya pwani ya mashariki pamoja na majiko ya maikrowevu, cheo kimoja hicho, mtu mmoja. Ukidhani wamejitungia tu, angalia: 30 Rock ilikuwa inarushwa na NBC, kituo kikubwa cha TV cha Marekani, na NBC wakati ule ilikuwa mali ya kampuni ya General Electric (GE), haohao wa balbu na majiko na injini za ndege. Kwa hiyo Tina Fey, mama aliyeibuni, alikuwa anamsema tajiri anayemlipa mshahara, tena kwa jina lake kamili, mchana kweupe. Ile episodi ya kwanza ya Oktoba 2006 Jack anaingia anajitapa na oveni ya GE inaitwa Trivection, na oveni hiyo madukani ilikuwepo kweli! Anaona kama kauza oveni basi vichekesho vitamshindaje, anamleta staa asiyetabirika Tracy Jordan, kipindi kinabadilishwa jina, na Liz Lemon ambaye ndo kiongozi wa waandishi anakuja kuambiwa mambo yameshaiva. Baadae mwaka 2011 Comcast, kampuni ya TV za kebo, wakaichukua NBC, na kwenye komedi ilishatokea kampuni ya kebo inaitwa Kabletown, nayo ikasemwa vilevile, mpangaji hakujali nyumba imeuzwa kwa nani. Halafu ile 30 ya kwenye jina ni anwani tu mama, 30 Rockefeller Plaza, New York, ndo jengo la NBC.

*Anko mambo vipi. Komedi nyingine tukiweka kibandani kuna watu wanasikika wanacheka kwa nyuma, hii kimya kabisa. Nilidhani fleshi mbovu nikairudisha kwa jamaa tukataka kugombana. (Kibirizi)*

Poa mwanangu. Kamuombe radhi jamaa, fleshi nzima. Kuna komedi zinachezwa jukwaani mbele ya watazamaji, kamera kadhaa zinapiga kwa pamoja na vicheko vinarekodiwa humohumo, au vinaongezwa studio. 30 Rock inapigwa kama filamu, sini kwa sini, hakuna mtu wa kukuonyesha pa kuchekea, ndo maana ukienda kuchukua chai ukirudi utani mitatu umeshapita. Ila zipo episodi mbili walizicheza laivu mbele ya watu, moja Oktoba 2010 na nyingine Aprili 2012, na kwa sababu saa za mashariki na magharibi mwa Marekani hazilingani, kila moja waliicheza mara mbili usiku uleule. Hizo vicheko utavisikia.

*Habari za kazi Anko. Sisi ni kikundi cha maigizo huku Kasulu, tunaandika komedi ya nyuma ya pazia ya bendi ya harusini. Tatizo mdhamini wetu ana duka la vifaa vya ujenzi anataka saruji yake itajwe kila sini, hata pale bi harusi analia. Na kuna MC mmoja maarufu mjini kasikia tunamuiga, kanuna hatusalimii. Tumekwama. (Katibu wa kikundi)*

Njema mdogo wangu, hongereni sana, barua yako nimeisoma mara mbili nacheka peke yangu.

Tuanze na saruji maana ndo hela ilipo. Msimkatalie, muandikeni! Muwekeni humohumo tajiri mwenye duka anayetaka saruji itajwe mpaka kwenye kilio cha bi harusi. 30 Rock walifanya hivyohivyo, kuna episodi ya sizoni ya pili Liz na Jack wako kwenye maongezi yao, ghafla wanaanza kuisifia kampuni ya simu ya Verizon kama wamelipwa, afu Liz anaigeukia kamera anaulizia hela yao. Tangazo limetoka, mtazamaji kacheka, na mwenye kampuni hana pa kulalamikia maana jina lake limesikika. Hebu ifikirie kwenu, bi harusi kamasi zinatoka, bwana harusi hajulikani alipo, MC anashika maiki kwa uchungu anasema ndoa ni msingi na msingi mzuri unajua unajengwa na nini, mpiga kinanda anaitikia kwa noti moja ndefu, na nyuma ya turubai mwenye duka anahesabu kwa vidole limetajwa mara ngapi. Mi hapo nishalipa kiingilio. Ila hela mchukue kabla hajaisoma skripti.

Kuhusu MC, hapo mna kosa kidogo. Mngeanza kujicheka wenyewe. Tina Fey kabla ya hii alikuwa kiongozi wa waandishi wa Saturday Night Live, kipindi cha vichekesho cha NBC, mwanamke wa kwanza kukikalia kiti hicho, na Liz Lemon ni kiongozi wa waandishi wa kipindi cha vichekesho, yaani kajichukua yeye mwenyewe akajivua nguo kwanza. Sini ya kwanza kabisa ya 30 Rock Liz yuko kwenye foleni ya hot dog (mkate wa soseji), mwanaume mmoja anajifanya kuanzisha foleni yake pembeni na watu wanamfuata, Liz anapandwa na hasira ananunua hot dog zote ili yule mtu akose. Mtu mzima huyo, bosi wa ofisi, anaingia kazini na mzigo wa hot dog kwa ajili ya ubishi wa foleni. Baada ya hapo amtanie nani asitaniwe? Kwa hiyo katibu wa kwenye mchezo wenu awe ndo wa kwanza kuonekana kituko, huyo anayekula hela ya nauli ya wapiga ngoma (sijasema ni wewe). Na yule MC mchanganyeni na MC wengine watatu, huyu mchukueni suti, yule kicheko, wa tatu tabia yake ya kujipigia makofi, mbadilishe na wilaya. Akija kulalamika atakuwa amejitaja mwenyewe.

*Anko nasikia hiyo komedi Wamarekani wenyewe hawakuiangalia sana, sasa tuzo zote zile walipewa na nani? (Mwalimu, Kibondo)*

Kweli mwalimu, watazamaji hawakuwa wengi kivile, ila waliokuwa wanatoa tuzo waliipenda, Emmy, tuzo kubwa ya TV ya Marekani, ile ya komedi bora waliibeba 2007, 2008 na 2009 mfululizo. Kuna kisa watu wanasahau: 2006 hiyohiyo NBC walianzisha na tamthilia nyingine ya nyuma ya pazia ya kipindi cha vichekesho, Studio 60 ya mwandishi Aaron Sorkin, serious, ya hela ndefu, wengi waliiona ndo itakayotoboa. Ikafa na sizoni moja. Hii ya kuchekesha ikaenda saba.

*Nina bando la kubana na watoto wa darasa la nne, je niishushe? (Uvinza)*

Ziko episodi 138, kila moja dakika 20 na kitu, jumla kama saa 50, piga hesabu na bando lako. Watoto hapana dada, mafumbo ya wakubwa ni mengi. Na ukiona hesabu haitimii usiogope, 2020 ziliondolewa mtandaoni episodi nne kwa ombi la Tina Fey mwenyewe, zilikuwa na waigizaji wazungu waliojipaka rangi nyeusi usoni, jambo linaloonekana ni dharau kwa watu weusi.