Likizo ya Baridi na Mitihani Inayosubiri

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari. Shule imefungwa kwa likizo ya majira ya baridi, na mitihani ya majaribio itaanza mara tutakaporudi. Nilipanga kusoma kwa muda wa saa kumi kila siku, lakini sasa nakaa mezani tangu asubuhi, kitabu kikiwa wazi na simu ikiwa pembeni, na jioni sikumbuki nilichosoma. Nikijaribu kupumzika, roho inanisuta. Nisome kiasi gani, na nipumzike kiasi gani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tuanze na hizo saa kumi, kwa kuwa ndizo chanzo cha taabu yako. Hata siku kamili ya shule, ukiondoa mapumziko, kuitwa majina na kuhama kutoka darasa moja hadi jingine, haimdai mwanafunzi saa kumi za kutumia akili. Umejitwika mzigo ambao hakuna mwalimu angethubutu kukupa. Matokeo yake ni hayo uliyoyaeleza, yaani siku nzima kuyoyoma katika hali ambayo si kusoma wala si kupumzika, na usiku kuingia ukiwa umechoka kana kwamba kazi imefanyika.

Ratiba yako imejengwa juu ya imani kwamba kila saa isiyo ya kitabu ni saa iliyopotea. Imani hiyo ilianza kutiwa dosari zamani sana. Mwaka 1885 mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri orodha za silabi zisizo na maana. Aliona kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni, kisha kasi hiyo hupungua, na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa yana faida kubwa kuliko marudio yaliyorundikwa katika siku moja. Tafiti nyingi zilizofuata zimeafiki jambo hilo. Kwa hiyo siku unayoliacha somo la kemia bila kuligusa usiihesabu kuwa pengo katika maandalizi yako, maana kulikumbuka jambo ambalo limeanza kukuponyoka ndiko kunakolikaza akilini.

Tatizo la pili ni namna ya kurudia. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma, kisha baadhi wakavisoma tena na wengine wakatakiwa kuandika kila walichokumbuka bila kuvitazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma tena walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Ndiyo maana kuipitia sura ileile mara ya tatu, huku ukiipaka rangi kila sentensi, kunaridhisha sana: kunakupa hisia ya kujua ambayo haidumu hadi siku ya mtihani.

Fanya hivi badala yake. Chukua, kwa mfano, mada ya usanisinuru. Isome mara moja kwa makini, funga kitabu, kiweke mbali, kisha andika kwenye karatasi tupu yote uyakumbukayo, hata yale unayoyatilia shaka. Ukimaliza, fungua kitabu na ujisahihishe kwa wino wa rangi nyingine. Pengine utakuta uliandika kwamba oksijeni hutoka kwenye kaboni dioksaidi, ilhali hutoka kwenye maji. Kosa hilo moja, ulilolifanya mwenyewe na kulisahihisha mwenyewe, litakufaa kuliko kurasa kumi ulizozipitia kwa macho. Baada ya siku mbili au tatu, rudi kwenye mada hiyo ukianza na karatasi tupu, si kitabu. Kwa hesabu na fizikia, nafasi ya karatasi tupu ichukuliwe na mitihani ya miaka iliyopita. Kazi ya namna hii inachosha, na ndiyo sababu haiwezekani kuifanya kwa saa kumi.

Sasa ratiba. Chukua kalenda na ufute kwanza siku utakazopumzika kabisa: siku za shughuli za familia, na angalau siku moja nzima katika kila wiki. Siku zilizobaki, kwa maoni yangu, saa nne hadi tano za kazi ya kweli zinatosha, zikikatwa vipande vya dakika 40 hivi na mapumziko mafupi katikati, masomo mawili au matatu kwa siku, na lile linalokutisha likitangulia. Tenga saa ya kufunga kazi na uiheshimu kama unavyoiheshimu kengele ya shule. Simu ikae chumba kingine wakati wa kusoma, hata ikiwa imezimwa sauti. Wakati wa kupumzika, toka nje kungali na mwanga, cheza, lala mchana kidogo ukipenda, ilimradi vitabu visiwe mapajani. Roho inakusuta sasa kwa sababu pumziko lako halina mpaka. Likishaandikwa kwenye ratiba, utakuwa unatimiza mpango wako, si kuukwepa.

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu wa miaka 16 anajiandaa kwa mitihani. Tangu shule zifungwe, anakesha hadi saa nane usiku akisema anasoma, kisha anaamka adhuhuri. Je, ni uvivu?

JIBU: Si uvivu, ndugu mzazi, au si uvivu peke yake. Katika umri wa balehe saa ya mwili husogea mbele, hivyo usingizi humjia kijana akiwa amechelewa kuliko mtu mzima. Tena majira ya baridi huzidisha tatizo, kwa sababu mwanga wa asubuhi ndio unaoirudisha saa hiyo nyuma, na anayeamka adhuhuri wakati mchana ni mfupi huwa ameukosa. Wataalamu wa usingizi wa Marekani walipendekeza mwaka 2016 kwamba vijana wa miaka 13 hadi 18 walale kwa muda wa saa 8 hadi 10 kila usiku, na ubongo hutumia muda huo kuyaimarisha yale yaliyosomwa mchana. Anayejinyima usingizi ili asome anapunguza faida ya kile alichosoma.

Usimwamshe kwa ugomvi alfajiri ya kesho. Hatalala mapema kwa sababu hiyo tu. Kubalianeni kwamba kusoma kunakoma saa moja kabla ya kulala, kwamba hanywi kahawa wala vinywaji vya kuongeza nguvu baada ya mchana, na kwamba simu zote za nyumbani zinalala sebuleni, na yako ikiwemo. Kisha, katika siku zilizobaki za likizo, aamke mapema kwa nusu saa zaidi kila siku na afungue pazia mara moja, hadi afikie saa ile atakayoamka siku ya mtihani wa kwanza.