Usiunganishe barua pepe binafsi na ya kazini

Ndugu, umeeleza kwamba unapokuwa Kongwa au Mpwapwa kikazi, mafaili ya ofisi yako ya Dodoma hukataa kufunguka kwa sababu simu yako inatumia barua pepe binafsi, na ukauliza kama inafaa kuziunganisha akaunti hizo mbili.

Nakusihi usiziunganishe, wala usielekeze barua za kazini ziingie kwenye akaunti yako binafsi. Ruhusa ya kufungua faili hutolewa kwa anwani, hivyo ukibonyeza kiungo huku umeingia kwa anwani binafsi, mfumo unakuona mgeni, na ndiyo maana unaletewa ule ujumbe wa kuomba ruhusa. Ongeza akaunti ya kazini kwenye simu kama akaunti ya pili inayojitegemea, kisha ukifungua programu ya mafaili, gusa ile picha ndogo ya duara iliyo juu pembeni uchague anwani ya ofisi.

Zungumza kwanza na mtu wa TEHAMA, kwa kuwa baadhi ya kampuni hujiwekea uwezo wa kufuta data kwenye simu iliyounganishwa, jambo ninaloliona zito kwa mtu mwenye picha za wanawe humo. Taarifa za wateja nazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zikishahamia kwenye akaunti yako binafsi, hata ukiacha kazi zitabaki mikononi mwako.

Washa pia uthibitishaji wa hatua mbili, yaani kuingia kwa nywila pamoja na namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu, ukiwa bado Dodoma, kwani mtandao ukiwa hafifu safarini, namba hiyo huweza kuchelewa.