Mwambie Daktari Umeumia Kazini

Toroli lilikuwa limejaa maboksi ya vigae. Gurudumu la mbele likanasa kwenye ufa wa sakafu, toroli likayumba, na mkono wangu wa kulia ukabanwa kati ya chuma na fremu ya mlango wa ghala. Maumivu sikuyasikia palepale. Nilisikia joto, kisha glavu ikaanza kulowa kwa ndani. Vidole viwili vilikuwa vimevunjika.

Msimamizi wetu ni mtu mwema, na wema huohuo nusura uniponze. "Twende hospitali kwanza, mdogo wangu. Mambo ya karatasi tutayamaliza." Daktari aliponiuliza imekuwaje, nikamjibu nimebanwa na mlango. Akaandika hivyohivyo: amebanwa na mlango. Mlango upi? Wa nyumbani? Wa gari? Neno "kazini" halikuwemo popote, na kukosekana kwake kulinizungusha miezi minne nikidai fidia.

Basi, kama umeumia leo na unasoma haya ukitumia mkono mmoja, mwambie daktari waziwazi: nimeumia kazini, nikifanya kazi hii, saa hii. Kisha muombe usome alichoandika kabla hujatoka. Usione haya. Atakayeamua dai lako hakukuona ukivuja damu. Ataona karatasi tu.

Mwajiri naye mpe taarifa ya maandishi siku hiyohiyo, hata kama alikuwepo na aliona kwa macho yake. Mimi niliandika ya kwangu kwa mkono wa kushoto, siku ya tatu, herufi zimelala kama za mtoto wa darasa la kwanza. Iliniokoa kuliko kitu kingine chochote. Hakikisha ajali imeingizwa kwenye kitabu cha ajali, ubaki na nakala, na upige picha pale mahali. Ule ufa wa sakafu ulizibwa kwa saruji ndani ya wiki moja. Chukua pia namba za walioshuhudia, maana watu huhama kazi. Na uliza mapema mwisho wa kuwasilisha dai ni lini, kwa kuwa kila nchi ina muda wake na ukipita umepita.

Wengi hunyamaza kwa sababu wanajiona wakosaji. Mimi ndiye niliyelijaza lile toroli kupita kiasi, na nilidhani nikifungua mdomo nitafukuzwa. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba katika nchi nyingi fidia ya kazini haiulizi kosa ni la nani. Ujerumani chini ya kansela wake Bismarck ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1884. Kabla ya sheria za aina hiyo, mfanyakazi aliyetaka kulipwa ilibidi athibitishe mahakamani kuwa tajiri wake alizembea, na wangapi walikuwa na ubavu huo? Bei ya nafuu hiyo ni kwamba sehemu nyingi ukishalipwa fidia huwezi kumshtaki mwajiri kwa ajali hiyohiyo, au unaweza kwa masharti magumu. Kujiumiza kwa makusudi hakulipwi, na ulevi kazini mara nyingi huharibu dai. Kuteleza, kusahau au kukosea hesabu ya maboksi ni ajali kama ajali nyingine.

Kwenye pesa, kagua hesabu mwenyewe. Kwa kawaida kuna matibabu, kuna sehemu ya mshahara kwa siku ulizolala nyumbani, na kuna malipo ya ulemavu ukibaki nao. Mkataba namba 121 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1964, unaitaka nchi iliyouridhia isishuke chini ya asilimia 60 ya mshahara kwa mfanyakazi mwenye mke na watoto wawili ambaye hawezi kufanya kazi kwa muda. Asilimia 60 ya nini, hapo ndipo pa kutazama. Kwangu walipiga hesabu ya mshahara wa msingi peke yake, wakati nusu ya kipato changu ilikuwa ovataimu. Nilipeleka slipu za mwaka mzima, hesabu ikabadilika.

Kisha ikaja karatasi yenye maneno "malipo ya mwisho". Nilikuwa nimechoka, kalamu iko mkononi. Asubuhi yake nilikuwa nimeshindwa kufunga kifungo cha shati, kwa sababu kidole cha kati kilikuwa bado hakikunjiki. Ulemavu wa kudumu hupimwa hali ikishatulia, na yangu ilikuwa haijatulia. Nikaweka kalamu mezani, nikaomba kupimwa upya.

Daktari wa safari hiyo alilaza kipimo kidogo cha pembe juu ya kiungo, akakikunja kidole mpaka kikagoma, akaandika kimekunjika nyuzi ngapi. Nikamuomba karatasi nisome kabla sijaondoka. "Kazini" ilikuwemo, mstari wa pili.