Ipindue kwanza hiyo sanamu

Ndugu yangu, unauliza kama sanamu ya Buddha unayotaka kuinunua, ya shaba iliyopakwa dhahabu, ni ya enzi ya mfalme Yongle wa China (1403–1424), kwa kuwa ina chapa yake, yaani maandishi ya kuitaja enzi hiyo. Chapa peke yake haitoshi, waigaji huanzia hapo. Chapa halisi husomeka kutoka kushoto kwenda kulia, kinyume na desturi ya Wachina ya wakati ule, lakini hata waigaji wanalijua hilo.

Ipindue. Sanamu hizi zilijazwa karatasi za sala na nafaka, kisha kitako kikazibwa kwa bamba. Likiwa zima, asilibandue mtu!

Halafu dhahabu. Mafundi waliichanganya na zebaki, wakaipaka, wakaipasha moto mpaka zebaki ikaruka. Huchakaa palipoguswa sana, puani na magotini. Ikiwa imechubuka hata ndani ya mikunjo ya nguo, mtu kaisugua juzijuzi.

Karatasi za umiliki je? Kama ilipitia Nepal, sheria ya nchi hiyo ya 1956 inakataza kutoa nje bila kibali vitu vya kale vya zaidi ya miaka 100. Muuzaji akianza kujiumauma hapo, mwachie sanamu yake.