Dell 780 yenye GB 2: kabla ya kununua RAM, hesabu vijumba vyeusi

Mkuu, nimekusoma. Una kompyuta ya Dell OptiPlex 780 yenye RAM (memori ya kazi) ya GB 2, ukifungua Chrome huku Word iko wazi mashine inaganda mpaka mteja anaanza kuangalia saa. Fundi wa kwanza kakwambia nunua RAM mbili za GB 4. Wa pili kakwambia hicho ni chuma chakavu, tafuta nyingine. Mimi ninayo hiyo hiyo kwenye stationery yangu hapa Morogoro, na ushauri wa huyo fundi wa kwanza niliwahi kuufuata bila hata kushauriwa na mtu. Ulinila nauli ya Dar mara mbili.

Ilikuwa msimu wa maombi ya mikopo ya vyuo. Vijana wamejaa benchi zima, kila mmoja na bahasha ya vyeti vya kuskani, na mashine inahema. Nikafunga duka siku moja, nikaenda Kariakoo, nikanunua RAM mbili mpya za DDR3 (aina inayotumiwa na 780), GB 4 kila moja. Muuzaji hakuwa tapeli, hilo naomba lieleweke. Alizichomeka kwenye mashine yake mbele yangu, ikawaka, ikasoma GB 8, nikalipa nikaondoka moyo mweupe. Nafika nyumbani nachomeka: feni inazunguka, kioo kiza, vile vitaa vya namba mbele ya kasha vimewaka na vimegoma hapo hapo. Nikatoa moja, nikahamisha sloti (tundu la RAM kwenye bodi), hola. Kesho yake basi tena. Jamaa akazichomeka pale pale, GB 8, safi kabisa. Akaniangalia kama mtu aliyetumwa kumharibia siku. Nikarudi nazo Moro zikiwa kwenye mfuko wa shati.

Aliyenitegulia kitendawili ni mzee mmoja wa mtaa wa pili anayetengeneza redio na tivii, wala kompyuta si kazi yake. Nilikwenda kwake kuazima bisibisi tu. Akachukua RAM yangu ya zamani ya GB 1, akailaza karibu na ile mpya ya GB 4, akapitisha ukucha juu ya vile vijumba vyeusi (chipu zinazobeba memori) huku anahesabu kwa sauti kama mtu anayehesabu mayai. "Hii ndogo ina vinane. Hii kubwa nayo ina vinane. Kwa hiyo hapa kila kimoja kimebeba mara nne ya mwenzake. Una uhakika bodi yako inaijua mizigo ya namna hii?" Sikuwa na uhakika. Nikaenda kusoma, na jibu likawa hapana, haijui.

Iko hivi. Kwenye mashine za Core 2 Duo kama hii 780, kinachoongea na RAM si prosesa, ni chipu iliyoko kwenye bodi yenyewe. Ya 780 ni Intel Q45. Hiyo inaelewa vijumba vya hadi MB 256 kila kimoja na haivuki hapo. Sasa piga hesabu: GB 4 ni MB 4096. Ukiigawa kwa vijumba 16 unapata MB 256 kila kimoja, inapita. Ukiigawa kwa 8 unapata MB 512, haipiti. Ile RAM yangu mpya ilikuwa na vijumba upande mmoja tu, mgongo mtupu. Mashine ya muuzaji ilikuwa Core i5 ya kizazi cha tatu, na kuanzia zile Core i za kizazi cha pili vijumba vya MB 512 havina shida. Kwa hiyo yeye alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa sahihi, na RAM zilikuwa nzima. Tuligombana bure.

Ndiyo maana nasema usiulize dukani "una GB 4 ya DDR3?" Utapewa, na itawaka kwao. Geuza kipande pande zote mbili uhesabu, au soma lebo. Ukiona 2Rx8 hiyo ina vijumba 16, ukiona 1Rx8 ni 8. Kwa GB 4 kwenye 780 unataka 2Rx8 peke yake. Vilivyotengenezwa miaka ya karibuni vingi ni 1Rx8, kwa hiyo hapa kipya si lazima kiwe kizuri. Kilichochomolewa kwenye mashine kuukuu ndicho kinachokufaa.

Lakini kwako wewe wala nisingehangaika na GB 4. Fungua kasha kwanza uhesabu sloti. 780 ya kusimama ina sloti nne. Tafuta vipande vinne vya GB 2, basi, una GB 8. Vya GB 2 havigombewi na mtu siku hizi, watu wanavichomoa kwenye mashine zao waweke vikubwa, vinajazana kwenye makopo ya mafundi. Mimi vinne nilivipata kwa fundi wa hapa hapa kwa bei isiyofika hata nusu ya zile mbili za Kariakoo. Na hesabu inakubali: GB 2 yenye vijumba 16 ni MB 128 kila kimoja, yenye 8 ni MB 256, zote zinaingia. Ukikutana na GB 2 yenye vijumba vinne vikubwa upande mmoja, hiyo iache, ni ugonjwa ule ule.

Kwenye lebo angalia pia herufi ya mwisho ya ile namba ndefu, mfano PC3-10600U. U ndiyo yako. Ukiona PC3-10600R hiyo ni ya seva. Za R zinauzwa rahisi sana na zinaingia kwenye sloti bila kulalamika, ila mashine haitawaka hata ukiisomea dua. Zitambue kwa vijumba: zina 9 au 18 badala ya 8 au 16, na katikati kuna kingine cha ziada kisichofanana na wenzake. Kuhusu kasi usijisumbue. 8500, 10600, 12800, chomeka yoyote, bodi itaishusha hadi 1066 na maisha yataendelea. Vivyo hivyo zile zilizoandikwa PC3L, zinakubali umeme wa kawaida wa DDR3 wa volti 1.5.

Halafu hakikisha kweli ni 780. Ndugu yake 760 wanafanana sura kama mapacha na hiyo inakula DDR2. Vipande vya DDR2 na DDR3 vina urefu sawa na idadi sawa ya meno, 240, ila ule mkato mdogo wa chini katikati ya meno uko sehemu tofauti. Ikigoma kukaa usikandamize. Na kwa wenye 760 wanaosoma hapa: mtandaoni kuna DDR2 za GB 4 za bei ya kutupa zilizoandikwa kuwa ni za bodi za AMD. Wakiandika AMD wanamaanisha AMD. Kwenye Intel hutaona kitu.

Jambo lingine la dakika moja kabla hujatoa hela: bonyeza kulia kwenye This PC, Properties, soma kama Windows ni ya biti 32 au 64. Biti 32 inaishia GB 4, na hata hizo haitumii zote, utaona imeandika 3.25 au hapo karibu. Kutoka 32 kwenda 64 hakuna njia ya mkato, ni kupiga Windows upya, kwa hiyo hamisha mafaili ya wateja kwanza. Mashine nyingi za mtumba nilizoziona zimewekewa 32 na aliyeziuza, sijui kwa nini, labda ndiyo flashi aliyokuwa nayo.

Kufunga sasa. Zima, kisha chomoa waya wa umeme ukutani. Nasisitiza kuchomoa kwa sababu bodi inaendelea kupata umeme kidogo hata mashine ikiwa imezimwa, ili mradi waya upo. Ukishachomoa bonyeza kitufe cha kuwashia uhesabu mpaka kumi, chaji iliyobaki iishe. Toa kasha nje ya nyumba na upulize vumbi. Usifanyie ndani kama mimi, mke wangu hajasahau. Kwenye yangu nilikuta mayai mawili ya mjusi kwenye kona karibu na hadidiski, madogo kama punje za mahindi. Shika chuma cha kasha mara kwa mara ili umeme wa mwilini ushukie huko badala ya kwenye RAM, hasa kama duka lako lina zulia.

Meno ya dhahabu ya hivyo vipande vya mtumba yasugue na raba ya kufutia penseli, ile nyeupe laini, kwa mwendo mmoja kutoka juu kwenda chini, kisha yafute kwa kitambaa kikavu. Usione ni mzaha. Nusu ya RAM mbovu nilizoletewa hapa dukani zilikuwa chafu tu. Fungua masikio mawili ya sloti, linganisha ule mkato na sloti, kisha bonyeza chini kwa vidole gumba viwili, kimoja kila mwisho. Inataka nguvu kuliko unavyodhani, bodi itanesa kidogo na roho itakuruka. Subiri masikio yote mawili yajifunge yenyewe, utasikia ta, ta. Ukisikia ta moja tu bado upande mmoja uko juu, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kioo kuwa kiza baada ya kuongeza RAM.

Ukiwa na vinne vinavyolingana jaza tu zote. Ukiwa na viwili, viweke kwenye sloti mbili zenye masikio meupe ili bodi isome vyote kwa pamoja. Ikiwaka, Dell itakusimamisha na ujumbe kwamba kiasi cha memori kimebadilika. Hiyo ni salamu tu, usishtuke, ingia F2 uone kama imesoma GB 8 zote, kisha hifadhi utoke. Usiku huo kabla hujafunga duka weka Memtest86+ (programu ya kupima RAM) kwenye flashi, iache izunguke mpaka asubuhi. Vipande vya mtumba vinaweza kuwaka vizuri na bado vikawa na sehemu iliyokufa, na hiyo utaijua siku Word inapojifunga yenyewe na wasifu wa mteja ukiwa haujahifadhiwa. Kati ya vinne vyangu kimoja kilijaa mistari myekundu ya makosa. Fundi alinibadilishia bila neno.

Kama Windows inaonyesha pungufu wakati BIOS (ule ukurasa wa F2) inasoma zote, andika msconfig, nenda Boot, Advanced options, uone kama kuna mtu aliweka tiki kwenye Maximum memory. Kuna video zinafundisha watu kuweka hiyo tiki eti inaongeza kasi. Itoe.

Sasa matokeo, bila chumvi. Baada ya GB 8, Chrome yenye tabo kumi na mbili, Word, programu ya skana na Photoshop ya kizamani vinakaa pamoja bila kusukumana. Kugeuka kutoka dirisha moja kwenda jingine ni papo hapo. Lakini kuwaka asubuhi kulibaki dakika tatu kama zamani, na kufungua programu kwa mara ya kwanza kulibaki kwa kuburuza miguu, kwa sababu hilo lilikuwa tatizo la hadidiski. Hapo ndipo nilipoweka SSD (hifadhi ya kasi inayokaa badala ya hadidiski) ya GB 120, na kuwaka kukashuka chini ya dakika moja. Ukitaka kujua kipi kinakuua wewe, fungua Task Manager mashine ikiwa imeganda, siyo ikiwa imepumzika. Memory ikiwa asilimia 90 na kitu, ni RAM. Memory ikiwa 50 na Disk imekaa 100, hela yako ianzie kwenye SSD. Kwa GB 2 nina hakika utakuta vyote viwili vinalia, maana RAM ikijaa Windows inamwaga ziada kwenye hadidiski.

Na huyo fundi wa pili usimtukane, ana hoja. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na Core 2 Duo haina maagizo ya prosesa yanayotakiwa na Windows 11 kuanzia toleo la 24H2, haitawaka hata ukitumia ujanja. Kwa hiyo weka hela ya makopo ya mafundi, usiweke hela ya RAM mpya. Kama bajeti yako inafika bei ya mtumba wa Core i5 wa kizazi cha tatu, OptiPlex 7010 kwa mfano, hata hiyo Windows 11 haitambui rasmi, lakini inapokea hadi GB 32 na ule ugomvi wa vijumba hauna. SSD utakayonunua leo utaihamishia huko. RAM za GB 2 pia zitaingia, ingawa ukifika huko hutazitaka tena.

Yangu bado inapiga kazi. Nimeiondoa kwenye Windows, sasa ina Linux Mint na inaskani na kuprinti tu, Photoshop nimehamishia kwenye nyingine.

Fungua kasha, piga picha ya lebo ya hizo RAM zilizomo sasa hivi, pande zote mbili, na idadi ya sloti, uitupie hapa. Kama zilizomo ni mbili za GB 1, usizichanganye na za GB 2 kwanza mpaka tuone.