Barua kwa mwanangu: shahidi ambaye hakuhojiwa

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza, baada ya kuitazama filamu ya Green Zone, kama ni kweli kwamba ofisa mmoja wa Marekani aliigeuza kauli ya mtoa habari ili Iraki ivamiwe mwaka 2003. Ofisa yule ni wa kutungwa, na kwa maoni yangu ndiye udhaifu mkubwa wa filamu hiyo. Katika filamu mtoa habari anasema kweli kwamba silaha za maangamizi hazipo, na mkubwa anaificha. Katika mkasa wenyewe mtoa habari ndiye aliyedanganya, na wakubwa wakamsadiki.

Jina lake ni Rafid Ahmed Alwan al-Janabi, mhandisi wa kemikali aliyeomba hifadhi Ujerumani mwaka 1999, na majasusi walimpa jina la siri la Curveball. Aliwaeleza Wajerumani kwamba alifanya kazi kwenye maabara za silaha za vijidudu zilizofungwa juu ya malori. Wajerumani waliyaandika maneno yake wakayapeleka Marekani, lakini hawakukubali majasusi wa Marekani wamhoji wenyewe. Mimi niliyekaa mahakamani miaka 26 nikiandika maneno ya mashahidi, najua hakimu angeyaitaje maneno ya namna hiyo: ushahidi wa kuambiwa.

Hata hivyo, tarehe 5 Februari 2003 maneno hayo yalifika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alikuwa akizungumza, na George Tenet, mkurugenzi wa shirika la ujasusi la Marekani, CIA, ameketi nyuma yake. Niliitazama hotuba ile kwenye televisheni, na kilichonikaa machoni ni kichupa kidogo alichokiinua kwa vidole. Kilichopaswa kunishtua ni yale malori, kwa sababu yalionyeshwa kwa michoro tu, picha hazikuwapo.

Kuna jambo moja ambalo natamani filamu ingelionyesha. Al-Janabi alisema kwamba katika eneo la Djerf al Nadaf, karibu na Baghdad, malori yaliingia ndani ya jengo kwa upande mmoja na kutokea upande wa pili. Picha za setilaiti zilionyesha ukuta uliokatiza njia hiyo. Wachambuzi waliuona, wakaandika kwamba huenda ni wa muda, umewekwa ili kuwahadaa. Siku chache baada ya hotuba ya Powell wakaguzi wa Umoja wa Mataifa walifika pale na kuukuta ukuta umesimama. Shahidi wangu wa mahakamani akigongana na ukuta, shaka humwangukia yeye. Wale waliutilia shaka ukuta.

Filamu imepatia inapofika kwenye kuvunjwa kwa jeshi la Iraki, kwa amri aliyoitoa Paul Bremer, aliyewekwa na Marekani kuitawala Iraki, Mei 2003, ingawa inalipita jambo hilo mbiombio.

Januari 2004 David Kay, aliyekuwa ameongoza msako wa silaha hizo, aliliambia Baraza la Seneti kwamba karibu wote walikosea. CIA walipata nafasi ya kumhoji al-Janabi ana kwa ana Machi mwaka huohuo, vita vikiwa vimetimiza mwaka mmoja. Mwaka 2011 alikiri mwenyewe gazetini kwamba aliyabuni yale malori, kwa kuwa alitaka Saddam Hussein aondolewe.

Mama yako anakusalimu.

Baba yako